Aleji kali ya mtoto: somo dogo, nshajifunza kwa mwanangu

Asalaam alaykum. Idd iliopita mwanangu wa miaka 5 alikula sambusa moja tu ya kamba, hata dakika kumi hazijapita midomo ishavimba kama kaumwa na nyigu, mwili mabaka, sauti imekauka. Mie nikampa Piriton nikakaa nasubiri ishuke. Mungu tu alitustiri.

1. Tazama. Mabaka na muwasho peke yake, Piriton inatosha. Lakini akikohoa mfululizo, kifua kinapiga filimbi, sauti imebadilika, ulimi umevimba au kalegea ghafla, hiyo ni kali, na wengine mabaka hata hawatoi.

2. Mlaze, miguu iwe juu ya mto. Pumzi zikimbana mpakate akae. Asisimame wala asitembee hata akisema hajambo, mbebeni mpaka kwenye gari, maana presha ikishuka anaanguka hapo hapo. Maziwa msimpe jamani, najua bibi zetu, yatampalia.

3. Hapa ndo penyewe: sindano ya adrenalini, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Piriton haifungui koo. Nyumbani wengi hatuna hio sindano, basi kimbilia kituo chochote cha karibu chenye nayo na ukifika mlangoni sema "aleji kali, pumzi hazipiti", usikae foleni ya kadi. Dozi wanapima kwa uzito, na dakika 5 zikipita hajatulia wanarudia.

MASUALI

Mama wa Wete: Shoga, wangu alichomwa akapoa pale pale, nkaondoka nae. Nimekosea?
– Umekosea bibi, lakini hukujua. Inaweza kurudi baada ya masaa na hajala kitu tena. Kaa hapo hapo mpaka daktari akuruhusu.

Baba wa Mkoani: Ana pumu pia, nianze na pampu?
– Sindano kwanza, pampu baadae.

Ukhti wa Chake: Kamba nimemkataza, na vyengine?
– Kaa na kambakochi ni jamii moja na kamba, mkataze. Pweza na ngisi jamii nyengine ila wapo wanaodhurika, muulize daktari usimjaribishe nyumbani. Na chipsi za barabarani angalia, mafuta mara nyengine ni yale yale yaliokaanga kamba!

Mama wa Wete tena: Bibi yake anasema umlishe kidogo kidogo atazoea.
– Thubutu! Mie mkwe wangu alisema hivyo hivyo, nikamuonesha picha ya ile midomo. Sasa tukienda shughulini yeye ndo anaeuliza mwanzo, sambusa za nini hizo.