Somo: Umri na sifa za kujiunga na Jeshi la Polisi Tanzania

Wadogo zangu, tangazo la ajira za polisi likitoka kila mtu hukimbilia kuuliza umri. Sawa, tuanze nao, ila wengi hukwama kwenye makaratasi.

Hatua ya 1: Umri. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka miaka 18 hadi 25 kwa wa kidato cha nne na cha sita, na 18 hadi 30 kwa wenye stashahada au shahada. Una shahada na miaka 27? Usiombe kwa cheti cha kidato cha nne ukidhani unajirahisishia. Unajifungia mlango.

Hatua ya 2: Makaratasi yaseme kitu kimoja. Chukua namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ikianza na 20030514, basi ulizaliwa tarehe 14 Mei 2003, hata kama mama anasema ilikuwa msimu wa kuvuna mpunga. Weka pembeni cheti cha kuzaliwa na cha shule. Tarehe ikipishana, au huku ni Said na kule ni Saidi, anza kurekebisha leo. Usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

Hatua ya 3: Sifa nyingine. Raia wa kuzaliwa. Urefu futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 4 kwa wanawake. Hujaoa wala kuolewa, huna mtoto, huna tatuu, huna rekodi ya uhalifu. Daraja la nne la kidato cha nne limekuwa likikubaliwa kwa alama 26 hadi 28 tu. Wenye 30, msishangilie mapema.

Hatua ya 4: Tuma. Barua andika kwa mkono wako, iskani, kisha ipandishe kwenye ajira.tpf.go.tz. Anayekuomba hela ya "kukusukumia jina" ni tapeli.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, natimiza 26 mwezi ujao na dirisha liko wazi. Niombe?
Leo una 25, omba. Ila soma tangazo vizuri. Likitaja tarehe ya kuhesabia umri, hiyo ndiyo itakayokuhukumu.

Kaka, nikila kiapo nipunguze miaka miwili je?
Unaomba kazi ya kukamata walioghushi, halafu unaanza kwa kughushi? Acha.

Nina futi 5 na inchi 7. Nivae soli nene?
Soli itabaki nje ya chumba cha kupimia, mdogo wangu.

Mimi niko Mombasa. Huku kwetu?
Kenya katika usajili wa 2025 ilikuwa miaka 18 hadi 28, na wastani wa D+ kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Huko unafika mwenyewe kiwanjani siku ya usajili na vyeti vyako halisi.

Nina mtoto lakini analelewa na bibi yake. Nikae kimya?
Usidanganye, dada yangu. Tangazo linauliza kama una mtoto, halijauliza nani anamlea. Binafsi naona sharti hili linawabana wasichana zaidi, maana mvulana akinyamaza nani atajua? Geukia ajira za kiraia kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kule mtoto si kikwazo, na matangazo yao mengi yanapokea hadi miaka 45.