Kabla hujampeleka mgonjwa thieta: sio dripu tu, angalia na kichwa chake

Hii ni ya nyie mnaoanza wodi ya upasuaji na wanafunzi mliopo fildi. Kufunga kula, dripu, kutoa hereni na meno ya bandia, fomu ya ridhaa, hayo yako kwenye karatasi na mtayafanya. Mi naongelea hofu, maana inapandisha presha, inapandisha sukari, inafukuza usingizi na hata maumivu baada ya oparesheni yanazidi, na hakuna pa kuweka tiki.

Jitambulishe jina. Muite baba, mama, babu, sio "kitanda namba sita".

Mwambie kitakachotokea kwa mpangilio: anaondoka saa ngapi, kule kuna baridi na taa kali, akiamka koo linaweza kukereketa na anaweza kukuta mpira wa mkojo. Saa ikibadilika rudi umwambie, mtu kakaa na njaa toka usiku hajui kama bado yupo kwenye listi.

Maelezo marefu yawe jana yake jioni. Peplau, yule nesi wa nadharia za uuguzi mnayemkariri darasani, aligawa wasiwasi ngazi nne, na huko juu akili haishiki kitu, kwa hiyo asubuhi sentensi fupi fupi.

Sasa hili ndo lenyewe: muulize anaogopa nini, tena mahali ambapo hakuna wa kusikia.

Kuna mzee alikuja na ngiri, oparesheni ya kupangwa kabisa. Siku zote presha nzuri, asubuhi ya oparesheni ikasoma 190 juu, chini 110 na kitu, daktari wa usingizi akakataa na yuko sahihi, ukivuka 180/110 na sio dharura wengi wanaahirisha. Akarudishwa, dawa, ikashuka, akapangwa tena, yale yale. Watu wakaanza eti mzee msumbufu, wengine eti analambishwa chumvi kwa siri. Kila nesi alimuuliza "babu una wasiwasi?" naye "hapana mwanangu, namwachia Mungu", vitanda vya jirani vyote vinasikiliza na binti yake mkubwa kakaa pale na chupa ya uji. Wewe ungejibu nini? Aliyepata jibu ni kijana wa machela aliyekuwa anamrudisha wodini mara ya pili, wako wawili tu koridoni, mzee akamnong'oneza "hivi mjukuu wangu, wakishapasua pale, mtu anabaki mwanaume kweli?" Basi, presha yote ile! Jirani yake kijijini alimwambia ngiri ikipasuliwa mambo yamekwisha, na mzee ana mke mdogo nyumbani. Kijana akatuambia bila kucheka (nampa heko), akatafutwa nesi wa kiume mtu mzima, wakakaa chumba cha vidonda mlango umefungwa, akaelezwa kinachoshonwa ni ukuta wa tumbo, nguvu za kiume haziko pale, korodani kupata shida ipo ila ni nadra. Akauliza mengi, mpaka "naanza tena lini". Mara ya tatu presha ilikuwa juu kidogo tu, akaingia.

Kwa hiyo tafuta upenyo, pazia, koridoni, hata ukimsindikiza chooni. Mtu mzima hawezi kukutajia sehemu za siri wewe binti wa miaka 23 mbele ya mwanae, mwite mwenzio anayefaa. Na swali lisiwe "una wasiwasi?", liwe "umesikia watu wanasemaje kuhusu oparesheni hii?", hapo atamsingizia jirani na ukweli utaupata.

Wengine hofu yao ni bili, waunganishe na ustawi wa jamii mapema, sio siku ya kuruhusiwa. Ndugu mmoja ajue asubiri wapi na nani atampa taarifa. Kwenye raundi msiongelee kitanda cha pili kwa Kiingereza, mgonjwa anadaka neno moja mengine anajazia mwenyewe. Usiahidi kwamba hatasikia maumivu kabisa. Alichokwambia kiandike kwa heshima na umpe taarifa wa shifti inayoingia, asije akaulizwa upya kwa sauti wodi nzima isikie. Akisema bora afe tu, usichukulie ni woga wa kisu, usimwache peke yake, mwite daktari hapo hapo. Na simu zenu mfukoni jamani, hasa mkiwa mnasukuma machela.