Kupiga picha za biashara kwa kujitegemea: malizana na mteja kabla hujatoa kamera

Jamani wapiga picha wenzangu wa Dar, kazi za matangazo sio kama harusi, hapa mteja akikuuliza "picha moja shingapi" usikimbilie kutaja bei, muulize kwanza picha zinaenda wapi, maana picha ya sabuni ya kupostiwa Instagram mwezi mmoja na hiyo hiyo ikiwekwa kwenye bango pale Mwenge mwaka mzima haziwezi kuwa bei moja kabisa. Andika kwenye mkataba: picha ngapi, zitumike wapi, muda gani, marekebisho mara mbili basi, na hakimiliki inabaki kwa nani. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda picha pia, lakini bila maandishi utabishana tu na mtu.

Chukua nusu ya hela mbele. Mimi niliwahi kupiga menyu nzima ya mgahawa bila advansi, nikazungushwa miezi minne, iliniuma sana.

Hesabu zako ziwe na nauli, msaidizi, kukodi taa, na siku za kuediti, watu wengi wanasahau kuediti wakati ndo kunakula muda kuliko kupiga. Kampuni nyingi zinataka TIN (namba ya mlipa kodi) na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na zinakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo yako kabla hujapewa, kwahiyo omba cheti cha kuonyesha umekatwa, ni haki yako.

Ukirudi nyumbani kopi picha sehemu mbili kabla hujafomati kadi.