Jinsi ya kuandika hadithi fupi ya ajabu na kuituma, ukiwa hapa hapa Malindi

Nasoma sana stori za vijana wetu, za mambo ya anga na majini na miaka mia ijayo, na karibu zote zinaanzia New York ama kwenye sayari yenye jina lisilotamkika. Jamani, kwani hapa kwetu kumekosekana nini? Pale Ngomeni yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano yangali yamesimama baharini, roketi za kubeba setilaiti zilirushwa pale tangu 1967 hadi 1988, na tarehe 12 Disemba 1970 ikaruka setilaiti ikaitwa Uhuru kwa vile ilikuwa sikukuu yetu, na ndo ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Wako wazee wavuvi walioziona kwa macho yao. Nenda ukae nao, uwaamkie, uulize mlio ulikuwaje na samaki walifanyaje, kabla hujaandika hata mstari.

Sasa chukua ajabu moja, moja tu. Tuseme mvuvi wa Ngomeni katega jarife karibu na yale majukwaa, alfajiri akivuta anapata kiredio kimeota chaza, na akikiwasha kinatangaza hali ya bahari ya kesho. Basi simama hapo, usiongeze jini wala roboti, manake msomaji ataikubali ajabu ya kwanza lakini ikifika ya tatu ataona unamchezea. Mengine yote yawe kama yalivyo, kusi inavuma, petroli ya boti imepanda, tajiri yuko ufuoni anangoja samaki kwa sababu nyavu alikopesha yeye. Alafu ipe hiyo ajabu sheria na gharama. Kinatangaza mara moja kwa siku, na kila ukikisikiliza unasahau jina la mtu mmoja umpendaye. Hapo ndo umepata stori, si kwenye redio. Akisikiliza leo ataokoa wenziwe wanaotaka kutoka usiku, ila jina lililobaki kichwani ni la mwanawe. Atafanyaje? Ukishajua jibu andika rasimu yote bila kurudi nyuma kurekebisha, hata ikiwa mbovu, utaifanyia kazi baadaye.

Mwanzo ndo unaoua stori nyingi. Mtu anaandika "Hapo zamani katika kijiji cha Ngomeni palikuwa na mvuvi maskini aliyeitwa Bakari, aliyeipenda sana bahari." Futa. Jaribu hivi: "Bakari alikizima kiredio kabla hakijamaliza, akamgeukia mwanawe aliyekuwa akimenya muhogo, akafungua kinywa amwite." Hujaeleza chochote na tayari msomaji ana wasiwasi na huyo mtoto. Ukimaliza iweke kando wiki mbili hivi, kisha isome kwa sauti, pale ulimi unapokwama ndo pa kukata.

Kutuma nako kuna adabu yake. Soma maelekezo ya jarida mpaka mwisho, wakisema maneno 3,000 usipeleke 3,400. Tuzo ya hadithi fupi ya Commonwealth inapokea za Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, na hakuna ada, kwa hivo hapo pa kuanzia pazuri. Omenana, jarida lililoanza 2014, ni la hadithi za ajabu za Waafrika lakini si kwa Kiswahili. Fonti ya kawaida saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, na uangalie kama wanataka jina lako ndani ya faili manake mashindano mengi hawataki. Barua ya kuambatanisha mistari mitatu yatosha, usiwaelezee hadithi inahusu nini. Na usiibandike Facebook kwanza, wahariri wengi wanahesabu hiyo imeshachapishwa. Wala usimwachie programu ya akili bandia ikuandikie, mwezi wa pili 2023 jarida la Clarkesworld lilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu ya mafuriko ya stori za namna hiyo, na walioumia ni waandishi wa kweli.

Andika mahali umetuma wapi na lini, kuna majarida yanayokataza kutuma hadithi moja kwengine wakati bado wanaisoma. Ikikataliwa usijibizane na mhariri, ipeleke kwengine na huku anza nyengine. Mtu akikudai pesa ndo akuchapishe, achana naye. Ikikubaliwa utaletewa mkataba: wakiomba haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, na kwa miezi kadhaa isitoke kwengine, hiyo ni kawaida, lakini wakitaka haki zote milele mpaka za filamu na tafsiri, waandikie kwa heshima wapunguze, wakikataa ondoa hadithi yako.