Mambo ya kuzingatia kabla skripti yako haijaanza kutuma ripoti ya upatikanaji wa vifaa

Ripoti hii huonyesha kila kifaa cha mtandao kilikuwa hewani asilimia ngapi ya siku, na skripti (programu fupi) huitoa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data, kwa lugha ya SQL. Omba akaunti ya kusoma tu kwenye kanzidata hiyo. Nywila isikae ndani ya skripti. Safu ya muda iwe na faharasa (index, inayoharakisha utafutaji), la sivyo swali lako litaielemea seva kila alfajiri.

Kubalianeni siku inaanza saa ngapi. Kanzidata nyingi huhifadhi muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na bosi anasoma ripoti kwa saa ya ukutani. BETWEEN (sharti la SQL la "kati ya hiki na kile") iache: inachukua ncha zote mbili, kwa hiyo kipimo cha saa sita kamili usiku kitahesabiwa jana na leo. Tumia >= mwanzo wa siku na < mwanzo wa siku inayofuata.

Sasa hili usilipite mbio. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilipima vifaa kila dakika 5, yaani vipimo 288 kwa siku. Usiku mmoja, saa nane, diski ya seva ya vipimo ikajaa na vipimo vikakoma. Alfajiri swichi ya tawi moja ikazima. Watu wakaingia kazini hakuna mtandao, huku skrini ya ufuatiliaji ikibaki kijani. Kesho yake ripoti ikatoka: swichi ile, 100%. Mwenzetu aliyeandika skripti aliitwa kujieleza mbele ya mameneja, na iliniuma, maana hakudanganya. Vipimo vilivyokuwepo, vya saa sita usiku hadi saa nane, ni 24, na vyote 24 vilionyesha swichi iko hewani. AVG (amri ya wastani) huruka NULL (nafasi isiyo na thamani), na mstari usiokuwepo hauhesabiwi kabisa. Ukigawanya kwa 288 unabaki na uthibitisho wa asilimia 8.3 tu ya siku.

Kwa hiyo anza na orodha ya vifaa vyote, si jedwali la vipimo, kisha unganisha kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila kifaa hata kisicho na kipimo. Sharti la tarehe liweke kwenye ON (sehemu ya kuunganisha). Ukiliweka kwenye WHERE (kichujio cha baada ya kuunganisha), kifaa kisicho na data kitatoweka kwenye ripoti bila kukuaga. Toa safu tatu: kilipatikana, hakikupatikana, haijulikani. Hiyo ya tatu usikubali ijumlishwe na ya kwanza, hata ukibembelezwa.

Kama unasoma jedwali la hitilafu badala ya vipimo, zinazovuka saa sita usiku zikate kwa siku. Isiyo na muda wa kuisha bado inaendelea, usiitupe.

Kwenye PostgreSQL (aina moja ya kanzidata), 287/288 kwa namba kamili ni 0; zidisha kwanza kwa 100.0. Kwenye cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) andika njia kamili ya kila programu, na usiiendeshe skripti saa sita kamili usiku, vipimo vya mwisho huchelewa kuingia. Skripti ikishindwa ipige kelele, isitume barua pepe tupu.

Halafu chomoa kifaa kimoja cha majaribio kwa dakika 20. Ripoti ya kesho ionyeshe takriban asilimia 98.6 kwa kifaa hicho. Isipoonyesha, usiitume kwa mtu yeyote.