Mashine ya kufulia haivuti maji: anzia kwenye chujio, bodi baadaye

Taa zinawaka, mashine inanguruma kidogo, maji hayaingii. Wengi hukimbilia kusema bodi (saketi inayoongoza mashine) imeungua. Kwa Dodoma, ambako maji mengi ya bomba hutoka visima vya Makutupora na ni magumu, kwanza kagua njia ya maji. Maji yakirudi baada ya mgao, bomba husukuma mchanga na kutu hadi kwenye chujio la valvu (kifaa kinachofungua na kufunga maji yanayoingia mashineni), na chokaa humalizia kuziba.

1. Pima maji yenyewe. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi. Funga koki, fungua mpira wa kuingizia maji upande wa mashine, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, kisha fungua koki. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika mbili kujaa, tatizo ni presha au mpira. Mashine nyingi zinataka angalau 0.5 bar, yaani maji yaanguke kutoka juu kiasi cha mita 5. Simtank iliyo kwenye mnara wa mita 3 inatoa karibu 0.3 bar. Hapo utabadilisha valvu tatu na hali itabaki ileile. Inua tenki au weka pampu ndogo ya kusukuma maji.

2. Toa chujio. Ukifungua mpira, ndani ya mdomo wa valvu utaona kijichujio cha plastiki chenye kishikio katikati. Kivute taratibu kwa plaizi yenye ncha ndefu, kikija moja kwa moja bila kukizungusha, maana kikikatika vipande vinaingia ndani. Loweka kwenye siki nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, rudisha. Wapo wanaokitupa ili maji yaje kwa kasi. Usifanye hivyo: mchanga utakaa kwenye mpira wa ndani wa valvu, nayo haitafunga tena.

3. Pima koili (waya uliozungushwa ndani ya valvu, ndio unaoifungua ukipata umeme). Fungua skrubu mbili za nyuma, sukuma mfuniko wa juu kurudi nyuma, unyanyue. Piga picha ya waya kabla ya kuzichomoa. Weka multimita (kipima umeme) kwenye ohm: koili ya volti 220–240 husoma takriban kiloohm 3 hadi 5. Isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Valvu yenye koili mbili inajipima yenyewe: linganisha moja na nyingine. Zote zikiwa sawa na chujio ni safi, kagua loki ya mlango. Mashine ya mlango wa mbele haifungui valvu mpaka loki ilie "tak". Kupima umeme wakati mashine imewashwa mwachie fundi.

4. Kununua. Nakili modeli kwenye kibandiko cha ukingo wa mlango au mgongoni. "LG ya kilo 7" si modeli, na muuza spea akikubali kukuuzia kwa maelezo hayo, ondoka. Nenda na valvu ya zamani mkononi, au tuma picha zake pande zote ukiagiza Kariakoo, mzigo uje kwa basi. Linganisha idadi ya midomo ya kutolea maji, pembe (iliyonyooka au iliyokunjwa nyuzi 90), upana wa mdomo na volti. Mashine za mtumba kutoka Marekani hutumia valvu za volti 110–120. Ukiiwekea umeme wetu koili inaungua. Bodi ya mtumba nakubali, valvu ya mtumba hapana: mpira wake umeshachoka.

5. Kufunga. Weka washa (kiringi cha mpira) mpya, kaza mpira kwa mkono. Tepu nyeupe ya mabomba haina kazi hapa, kinachozuia maji ni washa. Fungua koki dakika 10 kabla ya kurudisha mfuniko, utazame kama panavuja.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu inajaa maji hata ikiwa imezimwa.*
Valvu haifungi. Ama kuna mchanga kwenye mpira wa ndani, ama presha ni ndogo mno, kwa sababu valvu hizi hujifunga kwa kusukumwa na maji yenyewe. Funga koki kila ukimaliza kufua hadi ubadilishe.

*Maji yanaingia na kutoka hapohapo, ngoma haijai.*
Mpira wa kutolea maji umelala chini. Mdomo wake uwe juu ya sakafu sentimita 60 hadi 100, la sivyo maji yanajivuta yenyewe.

*Wakuu, haitoi maji, inaunguruma tu.*
Fungua kifuniko kidogo cha chini mbele, weka beseni, safisha chujio la pampu. Mara nyingi utakuta sarafu, kifungo au pini. Likiwa safi, geuza panga (feni) la pampu kwa kidole, kisha pima koili yake: ohm 100 hadi 200 ni kawaida.

*Chokaa kwenye hita naitoaje?*
Gramu 100 za asidi ya limau ya unga ndani ya ngoma tupu, nyuzi 60, kila baada ya miezi mitatu hivi. Usichanganye na jiki kabisa, inatoa gesi ya sumu. Zile za matangi mawili kwa kawaida hazina hita, kwa hiyo usijisumbue. Safisha chujio tu.