Kuikosoa Serikali kwa Haki Wakati wa Janga: Hatua Ninazozifuata Nikiandika kutoka Mtwara

Ninaandika uchambuzi wa masuala ya afya ya jamii kutoka Mtwara, na tangu mwaka 2020 nimewahariria waandishi chipukizi wa Mtwara na Lindi makala nyingi kuhusu namna Serikali ilivyokabiliana na UVIKO-19. Kasoro ninayoikuta mara nyingi si uongo, bali ni mwandishi kutangulia na hukumu kisha kutafuta ushahidi wa kuiegemeza. Hatua hizi zinaugeuza mpangilio huo, na zinamfaa anayekosoa sawasawa na anayetetea.

Hatua ya kwanza: tenga uamuzi mmoja

Dai kwamba "Serikali ilishindwa" halipimiki, kwa sababu ndani yake mna kufunga shule, kutofunga masoko, kuacha kutoa takwimu na kuchelewa kwa chanjo, na kila jambo lina hoja zake. Chagua moja, uliandike kwa sentensi yenye mtendaji, kitendo na tarehe. Kwa mfano: mwanzoni mwa Mei 2020 Serikali iliacha kutangaza takwimu za ugonjwa, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21.

Hatua ya pili: chora safu mbili

Safu ya kushoto iwe ya tarehe za maamuzi, ya kulia iwe ya yale yaliyojulikana siku hiyo, wala si yale tuliyoyajua baadaye. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikaagizwa kufungwa. Wakati huo hapakuwa na chanjo, na hata Shirika la Afya Duniani lilipanua ushauri wake wa barakoa kwa watu wote tarehe 5 Juni 2020 tu, hivyo kumlaumu kiongozi wa Machi kwa kutohimiza barakoa ni kumhukumu kwa elimu ambayo hakuwa nayo.

Sasa shuka chini ya safu hiyo hiyo. Uingereza iliidhinisha chanjo yake ya kwanza Desemba 2020. Tarehe 1 Februari 2021 Waziri wa Afya alisema Tanzania haina mpango wa kupokea chanjo hizo, na ni tarehe 28 Julai 2021 ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani kuzindua utoaji wake. Hapa lawama ina mahali pa kusimama, kwa kuwa safu ya kulia haikuwa tupu tena.

Hatua ya tatu: nenda ukaone kwa macho yako

Hatua hii nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka 2021, baada ya chanjo kufika mikoani, niliandika rasimu kwamba watu walikuwa wakirudishwa kutoka kituo kimoja cha afya cha vijijini kwa uzembe wa usambazaji. Kabla ya kuichapisha nilikwenda pale. Muuguzi alifungua jokofu akanionyesha vichupa vya chanjo ya Janssen vikiwa vimepangwa, akasema, "Kaka, kichupa kimoja ni cha watu watano, nikikifungua nina saa sita tu. Leo wamekuja wawili." Alikuwa amewaandika majina kwenye daftari ili awaite watakapotimia watano.

Chanjo ilikuwapo, waliokosekana walikuwa watu. Nilifuta rasimu nzima nikauliza swali jipya: kwa nini hawaji? Wengi niliowauliza walikumbuka maneno ya viongozi waliokuwa wamezitilia shaka chanjo hizo miezi michache tu kabla. Ukosoaji uliotoka hapo ulikuwa mzito kuliko ule wa kwanza, na ulikuwa wa kweli.

Hatua ya nne: itetee Serikali kadiri unavyoweza

Andika hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, kiasi kwamba mwenye hoja akiisoma aseme umemwelewa. Muuza samaki wa Mikindani hula alichouza siku hiyo; kumfungia ndani bila msaada ni kumhamisha kutoka hatari moja kwenda nyingine. Shule zetu zilianza kufunguliwa Juni 2020, ilhali Uganda, ambako zilifunguliwa kwa muda kisha zikafungwa tena, zilirudi kikamilifu Januari 2022. Mkosoaji asiyetaja hayo hajatenda haki. Kisha uliza kama hoja hiyo inafika mpaka kwenye uamuzi ulioutenga. Kwangu mimi haifiki kwenye takwimu: soko lingeweza kubaki wazi na idadi ya wagonjwa ikaendelea kutangazwa.

Hatua ya tano: tumia kipimo cha hapa hapa

Badala ya kukimbilia Ulaya, tazama Ruangwa, wilaya ya Mkoa wa Lindi. Julai 2022 ugonjwa usiojulikana ulipozuka huko, Serikali ilitangaza wagonjwa 20 na vifo 3, ikautaja kuwa homa ya mgunda (leptospirosis). Ulinganisho huu unafaa kwa suala la kutangaza takwimu pekee, maana mlipuko wa wilaya moja haulingani na janga la dunia kwa ugumu wa kuudhibiti.

Hatua ya sita: pima kila neno

"Haikutangaza" ni jambo linaloonekana, lakini "ilificha" ni dai kuhusu nia, na nia inahitaji ushahidi wake. Vilevile, kukosekana kwa takwimu hakuthibitishi kwamba hapakuwa na wagonjwa, wala hakukupi ruhusa ya kuandika kwamba walikufa maelfu. Namba 509 usiilinganishe na ya Kenya, ambako hesabu iliendelea. Ukitaka kuchapisha hesabu uliyoikusanya mwenyewe, soma kwanza Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho yake ya 2018 na 2019.

Hatua ya saba: wape nafasi ya kujibu

Peleka maswali yako kwa maandishi kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, ukitaja siku ya mwisho ya kupokea majibu. Wakijibu, weka jibu lao karibu na dai linalohusika, si mwishoni mwa makala ambako wachache hufika. Wasipojibu, andika ni lini uliwauliza na kwa njia gani, kisha chapisha.